"Hiyo ni Celeron tu"

"Hiyo ni Celeron tu, ongeza hela kidogo uchukue Core i5." Anayetafuta laptopu ya mtumba hakosi kuambiwa hivyo. Yote mawili ni majina ya prosesa, yaani "ubongo" wa kompyuta, za kampuni ya Intel: Celeron ni za bei ya chini, Core i5 ni za bei ya juu zaidi. Kuna dhana kadhaa nyuma ya neno hilo "tu", na zinawagharimu watu fedha.

Dhana: Intel iliamua yenyewe kuwafikiria wanunuzi wa kipato kidogo.
Ilisukumwa na washindani hadi ikatoa Celeron. Mwaka 1997 kampuni ya Compaq iliuza kompyuta ya Presario 2100 huko Marekani kwa dola 999. Ndani yake mlikuwa na MediaGX ya kampuni ya Cyrix, prosesa iliyofanya pia kazi za picha na sauti, hivyo chipu nyingine hazikuhitajika. AMD, mshindani mwingine, nayo ikaleta prosesa ya K6, iliyoingia kwenye madabodi za Pentium ya zamani ya Intel. Intel yenyewe ilikuwa imeshikilia prosesa yake mpya, Pentium II, tena ghali.

Dhana: Celeron ni Pentium iliyoharibika.
Ya kwanza, ya Aprili 1998, ilistahili lawama. Kiini kilikuwa cha Pentium II, lakini kache ya ngazi ya pili iliondolewa yote. Kache ni kumbukumbu ndogo inayokaa jirani na prosesa. Ikikosekana, prosesa inangoja mara nyingi RAM, kumbukumbu kuu iliyo mbali zaidi, kama mpishi anayefuata chumvi dukani sufuria ikiwa jikoni.

Agosti mwaka huohuo ikatoka Celeron 300A, na hapo ndipo wengi hawakufuatilia tena. Kache yake ilikuwa KB 128, ya Pentium II KB 512. Ila hiyo ndogo ilikuwa ndani ya chipu yenyewe na ilikwenda kwa kasi kamili ya prosesa. Ile kubwa ilikwenda kwa nusu. Mafundi wakapandisha kasi ya "bus", njia inayounganisha prosesa na sehemu nyingine za kompyuta, kutoka megahezi 66 hadi 100, na nyingi kati ya chipu hizo za megahezi 300 zikafanya kazi kwa 450 bila shida. Kwenye michezo zilikwenda sambamba na Pentium II ya bei mara kadhaa zaidi.

Dhana: megahezi nyingi ndiyo kasi.
Athlon XP 1800+ ya AMD, ya mwaka 2001, ilikwenda kwa megahezi 1533, ikashindana na Pentium 4 za Intel zenye megahezi nyingi zaidi.

Dhana: Core i5 yoyote inashinda chipu ya bei ya chini.
Soma namba yote. Kwenye i5-4200U, ile 4 ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013, na U ni chipu ya kutumia umeme kidogo. Intel N100 ya mwaka 2023, ambayo haina jina la Core wala Celeron, inaiacha mbali. Muuzaji akikutajia "i5" peke yake, mwambie aiwashe, ufungue taarifa za mfumo ujisomee.