Kunukuu simulizi za wazee Weusi wa Marekani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukimheshimu mzee, andika kila neno linavyosikika.

Hii inanichosha kuliko zote, maana huletwa na watu wenye nia njema. Wajukuu wamemhoji bibi yao wa Georgia, wananiletea maandishi, na ukurasa mzima ni "wuz", "sez", "tuh", "mah" badala ya "was", "says", "to", "my". Jamani! Neno "was" hutamkwa "wuz" na karibu kila Mmarekani, maprofesa na majaji wakiwemo. Mbona swali la mjukuu, aliyetamka vivyo hivyo, limeandikwa kwa tahajia ya kamusi, na jibu la bibi likavurugwa? Tahajia hiyo haimwongezei msomaji sauti yoyote. Inamchorea mtu asiyejua kusoma, basi.

Tabia hii ni ya zamani. Kati ya 1936 na 1938, mradi wa waandishi wa serikali ya Marekani ulikusanya simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliozaliwa utumwani. Wahojaji wengi walikuwa Wazungu, na nyingi ya kauli zile hazikurekodiwa: ziliandikwa kwa mkono, kisha zikapangwa upya mezani. Mshairi Sterling Brown, aliyesimamia masuala ya Weusi katika mradi huo, alisisitiza kwamba ukweli wa misemo utangulie na ukweli wa matamshi ufuate nyuma. Ikatolewa na orodha ya tahajia za kuepukwa, "wuz" na "tuh" zikiwamo. Si wote waliotii. Fungua majalada yale ujionee.

Kwa hiyo andika kwa tahajia ya kawaida, ila mpangilio wa maneno, marudio, methali na sarufi yake usiviguse. Matamshi yanakaa kwenye rekodi.

Dhana: Basi tusahihishe sarufi.

Wapi! Katika Kiingereza cha Weusi wa Marekani, "She be working" ni mazoea. "She working" ni sasa hivi. Anayejua kutofautisha "hufanya" na "anafanya" hahitaji somo hapa. Ukizigeuza zote kuwa "she is working", umefuta alichokisema bibi.

Dhana: Siku hizi programu inageuza sauti kuwa maandishi yenyewe.

Utafiti wa 2020 ulipima mifumo ya kampuni tano kubwa: wastani wa makosa 35 kwa kila maneno 100 ya wasemaji Weusi, 19 kwa Wazungu. Sihitaji kuongeza neno.

Dhana: Maandishi yakikamilika, kazi imekwisha.

Rekodi ndiyo asili, nayo ihifadhiwe katika faili lisilobanwa (sauti isiyopunguzwa ili faili liwe dogo), nakala zaidi ya moja, mahali tofauti. Maandishi apelekewe mzee kabla hayajafika maktaba. Akitaka jina la jirani liondolewe, liondoe. Na akisema sarufi yake inyooshwe? Nyoosha, kauli ni yake, ila weka kwenye jalada kwamba yeye ndiye aliyeomba, na nakala ya kwanza uitunze kwa masharti atakayoyakubali.