Setilaiti na mvua ya mawe ya Uyole: dhana potofu na ukweli

Tulikuwa Uyole, Mbeya, Fuso ikipakiwa lumbesa za viazi, mvua ya mawe ikatukimbiza sote chini ya turubai. Mzee mmoja akafoka: "Huko juu kuna setilaiti zinaona kila kitu, mbona hatukuambiwa?" Nimemsikia mara nyingi mzee huyu, kwa sura tofauti.

Dhana: Setilaiti huipiga picha mvua.
Kwa mawimbi ya mikrowevu, hapana. Kipimo cha setilaiti kama GMI, kilichorushwa Februari 2014, husikiliza tu mionzi hafifu inayotoka ardhini, hewani na mawinguni, kisha hutoa namba kwa kelvini, yaani kizio cha jotoridi. Hakitumi chochote chini, kwa hiyo anayehofia kupashwa joto kama kiporo na atulie.

Dhana: Kuiga vipimo vya setilaiti ni kupika data.
Hapa ndipo wengi hupotea, hata wasomi. Modeli ya utabiri tayari ina mawingu, mvua na theluji yake ndani ya kompyuta. Programu kama RTTOV-SCATT huiuliza: kama anga lingekuwa hivi kweli, setilaiti ingesoma kelvini ngapi? Tuseme hesabu inatoa 270 na setilaiti imesoma 230. Barafu hutawanya mionzi inayotoka chini, namba ikashuka; basi modeli imepungukiwa barafu mahali hapo, au imeiweka wilaya ya jirani. Tofauti hiyo ndiyo husahihisha hali ya anga ambayo utabiri unaanzia. Kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, kinatumia njia hii kwenye mawingu na mvua tangu 2009. Zamani data nyingi za mawinguni zilikuwa zikitupwa.

Dhana: Barafu ya mawinguni ni vidonge vya duara.
Ingekuwa hivyo, hesabu zingekuwa nyepesi. Kwenye masafa ya gigahezi 183, mojawapo ya yanayosikilizwa na vipimo hivi, wimbi lina urefu wa milimita 1.6 hivi, karibu sawa na chembe zenyewe, kwa hiyo umbo lina uzito wake. Chembe ya theluji yenye matawi hutawanya mionzi tofauti na gololi. Ukichagua umbo baya, utailaumu modeli bure.

Dhana: Penye mvua nyingi ndipo setilaiti huona vizuri.
Nenda Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Wingu lililosukumwa na upepo kutoka Ziwa Nyasa likapanda miteremko ya Mlima Rungwe linaweza kunyesha bila kufikia kimo cha barafu. Juu ya bahari, mvua ya namna hiyo ingejitokeza, maana maji hutoa mikrowevu kidogo na matone huonekana yenye joto zaidi. Nchi kavu yenyewe hutoa mikrowevu kwa nguvu, na matone humezwa humo. Watu wameloa, namba haijasogea.

Na mawe ya Uyole? Barafu ile ingeweza kuonekana, ila setilaiti inayopita juu ya ncha za dunia hufika kwetu kama mara mbili kwa siku. Mvua yetu ilidumu dakika ishirini.