Jumbo hakuwa mkubwa kama mabango yalivyosema

Watu wengi bado wanaamini Jumbo, yule tembo wa sarakasi ya P. T. Barnum, ndo alikuwa tembo mkubwa kuliko wote duniani. Hapana jamani, hiyo ni kazi ya mabango. Barnum alimnunua London mwaka 1882 kwa dola 10,000 (Waingereza walilalamika sana, watoto waliandika barua kibao) halafu mabango ya Marekani yakaanza kumchora kama ghorofa, kuna moja gari la farasi linapita chini ya tumbo lake kabisa! Ukimpima na watu waliochorwa pembeni unaona mchoraji hakuwa na aibu. Kiukweli alipokufa alikuwa na kama mita 3.2 begani, ni mkubwa ndio, ila dume la Afrika linaweza kukaribia mita 4, na Barnum mwenyewe hakupenda apimwe, sijui kwa nini hehe.

Hata kifo chake kilitiwa chumvi. Aligongwa na treni Ontario, Kanada, Septemba 1885, Barnum akatangaza eti alikuwa anamwokoa tembo mdogo.

Zamani watu waliona bango wakakimbilia tiketi, siku hizi wanauliza huyo mnyama aliishije. Ndo maana Ringling, sarakasi maarufu ya Marekani, waliwastaafisha tembo wao 2016, wakafunga 2017, wakarudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Mabango yenyewe sasa yananunuliwa kwenye minada, na mi nakiri ni mazuri kweli.