"Sisi taka zetu zote tunarejeleza": dhana potofu kuhusu kanuni za vifungashio Uingereza

Mtajie mwenye biashara Uingereza kanuni za taka za vifungashio, jibu la kwanza ni lilelile: "Aa, sisi taka zetu zote tunarejeleza." Wengine watakutumia hata picha ya katoni zilizokunjwa vizuri nyuma ya ghala. Katoni hizo hakuna aliyeziulizia.

Kinachopoteza watu ni jina. Kanuni zinaitwa za taka, lakini hazipimi unachotupa bali vifungashio unavyoingiza sokoni. Kampuni isiyo hata na pipa inaweza kubanwa, na yenye mapipa kumi yaliyofurika ikawa nje kabisa. Tangu kanuni mpya zianze tarehe 1 Januari 2025, maswali ni matatu. Je, mauzo ya mwaka ni pauni milioni 1 au zaidi? Je, katika mwaka wa kalenda umehusika na zaidi ya tani 25 za vifungashio? Je, unafanya mojawapo ya shughuli zilizotajwa: kuuza bidhaa chini ya chapa yako, kufungasha kwenye vifungashio visivyo na chapa, kuagiza bidhaa zilizofungashwa kutoka nje, kuuza vifungashio vitupu, kukodisha vifungashio vya kutumika tena, au kuendesha soko la mtandaoni? Ukijibu ndiyo mara tatu, umo. Mashirika ya hisani ndiyo yaliyoachwa.

Mauzo yanayoangaliwa ni yote, si ya bidhaa zilizofungashwa peke yake. Kampuni tanzu nazo hujumlishwa, kwa hiyo kuigawa biashara vipande vitatu ndani ya kundi moja hakukutoi.

Swali la pili ndilo watu hulijibu kwa kukisia, na karibu kila mara hukisia chini. Chukua chupa ya sosi ya kioo yenye gramu 220. Ukiuza chupa 110,000 kwa mwaka, kioo peke yake ni tani 24.2, na hapo wengi hufunga daftari wakishangilia. Sasa ongeza kifuniko cha gramu 10 na lebo ya gramu 1: tani 25.41. Kisha katoni ya gramu 180 inayobeba chupa 12, yaani gramu 15 kwa kila chupa: tani 27.06. Na hapo nailoni ya kuzungushia paleti bado hatujaigusa. Lebo ni kifungashio, selotepu ni kifungashio, na hanga linalouzwa pamoja na nguo ni kifungashio pia.

Nunua mizani inayosoma gramu moja. Narudia: nunua mizani, maana ni rahisi kuliko kubishana na mkaguzi. Pima vipande 10 vya kila aina kwa pamoja, ugawe kwa 10, kisha zidisha kwa idadi uliyouza. Jumla ya gramu igawe kwa 1,000,000 upate tani. Wanaogawa kwa 1,000 wakasahau kwamba hizo bado ni kilo ni wengi kuliko unavyodhani. Tenganisha plastiki, kioo, karatasi, mbao, chuma na aluminiamu tangu mwanzo, kwa sababu taarifa inataka uzito wa kila malighafi. Msambazaji akibadilisha kifuniko, pima upya. Hesabu na ushahidi wake vitunze miaka 7.

Waagizaji wana yao: "Mimi nailoni naitoa ghalani, haimfikii mteja." Ukiagiza, kila kilichokuja na shehena ni chako, pamoja na unachokivua na kukitupa siku hiyohiyo. Paleti za mbao ndizo huumiza. Paleti 1,000 za kilo 20 kila moja ni tani 20, na hujahesabu katoni hata moja.

Kuna anayepima bidhaa badala ya kifungashio na kupigwa na mshtuko bure. Sosi iliyo ndani haihesabiwi. Vilivyosafirishwa nje ya Uingereza havihesabiwi pia, mradi una ushahidi. "Kiwanda kinachonifungashia ndicho kinachohusika": kama kifungashio kina chapa yako, jukumu linakufuata wewe kwanza. "Nalipa kodi ya vifungashio vya plastiki, inatosha": hiyo ni kodi nyingine, huanzia tani 10 za plastiki ndani ya miezi 12, wala haiulizi mauzo yako. Kulipa moja hakufuti nyingine.

Halafu wapo wanaosema, "Sisi ni wadogo, hatudaiwi." Nusu yake ni kweli. Kampuni kubwa ni yenye mauzo ya pauni milioni 2 au zaidi na tani zaidi ya 50, vyote kwa pamoja. Mauzo ya milioni 5 na tani 40, bado ni mdogo, milioni 1.9 na tani 300, mdogo vilevile. Mdogo halipi ada za utupaji wala hanunui PRN (hati za kuthibitisha kwamba taka za vifungashio zimerejelezwa), lakini lazima ajisajili, alipe ada ya usajili na kutoa taarifa mara moja kwa mwaka kufikia tarehe 1 Aprili. Mkubwa hutoa mara mbili: Januari hadi Juni kufikia tarehe 1 Oktoba, Julai hadi Desemba kufikia tarehe 1 Aprili. Kwa mwaka 2025/26 alitozwa pauni 423 kwa kila tani ya plastiki za majumbani na pauni 192 kwa tani ya kioo. Kwa hiyo aliye na tani 48 na mauzo ya milioni 3 asisubiri hesabu ya Desemba: aanze kupima sasa.