Vocha ya Ada ya Shule: Inamlenga Nani?

Mjini Tanga hoja hii husikika kila Januari, ada za shule binafsi zinapodaiwa: kwa nini Serikali isimkabidhi mzazi ile fedha inayotumia kumsomesha mtoto, naye aipeleke shule aitakayo? Hiyo ndiyo hoja ya vocha ya shule. Ni hoja yenye uzito, na nchi kadhaa zimeijaribu. Vocha zenyewe si ngeni kwetu. Kuanzia mwaka 2004 wajawazito walipewa Hati Punguzo za kununulia vyandarua, na baadaye wakulima wakapata vocha za pembejeo. Ila chandarua kilikuwa na lengo moja, kuzuia malaria. Vocha ya shule inatetewa na watu ambao wao kwa wao hawajakubaliana inatafuta nini.

Mchumi Milton Friedman aliandika mwaka 1955 kwamba Serikali inaweza kugharamia elimu bila kuendesha shule. Alitaka mzazi awe huru kuchagua, na shule zishindane. Kwake vocha ni ya kila mzazi, tajiri na maskini. Miaka 35 baadaye, huko Milwaukee nchini Marekani, vocha ilipiganiwa na mtu wa mrengo mwingine kabisa: Polly Williams, mwanamke Mmarekani mweusi, mjumbe wa Bunge la jimbo la Wisconsin, aliyeona shule za serikali zikiwaangusha watoto wa mitaa yake. Mwaka 1990 walianza wanafunzi wasiofika 350, wote wa familia ambazo kipato chao hakikuzidi asilimia 175 ya mstari wa umaskini. Mwaka 2011 kikomo hicho kikapandishwa hadi asilimia 300, na Williams mwenyewe akapinga. Aliupigania mpango kwa ajili ya maskini, si kwa ajili ya kila mtu.

Mfano wa Arizona unaonyesha mgongano huo vizuri zaidi. Mwaka 2022 jimbo hilo la Marekani lilifungua mpango wake unaofanana na vocha kwa watoto wote, na wengi wa waombaji wa mwanzo walikuwa watoto ambao tayari hawasomi shule za serikali. Anayetaka uhuru wa mzazi haoni kasoro hapo. Anayetaka kumwinua mtoto wa maskini anaona fedha ya umma ikimlipia mtu aliyekuwa akijilipia. Na matokeo ya darasani hayamalizi ubishi: jijini Washington waliopewa nafasi ya vocha walihitimu sekondari kwa wingi zaidi, asilimia 82 dhidi ya 70 ya wasiopewa, ilhali Louisiana waliotumia vocha walishuka katika hisabati.

Kwa maoni yangu, sisi tuna zaidi cha kujifunza Amerika ya Kusini. Chile ilianza mwaka 1981 kuzilipa shule kwa idadi ya wanafunzi, za umma na za binafsi zilizojiunga. Baadaye shule za binafsi zikaruhusiwa kutoza ada juu ya ruzuku, na nyingi zikawa zinachagua wanafunzi. Waliobaki nyuma ni wale wasio na cha kuongezea. Baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi, mwaka 2008 ruzuku ya mtoto maskini ikaongezwa, na sheria ya mwaka 2015 ikaanza kuzizuia shule zinazopokea ruzuku kuchagua wanafunzi, kutoza ada ya nyongeza na kujipatia faida. Kolombia ilikuwa na shida nyingine, uhaba wa nafasi za sekondari. Kuanzia mwaka 1991 ilitoa vocha kwa watoto wa mitaa maskini, na walipozidi idadi, ikapigwa kura ya bahati. Walioshinda walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza darasa la nane, kwa takriban pointi 10 za asilimia.

Sasa tuangalie kwetu. Katika elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi. Mishahara ya walimu hulipwa kando. Vocha ya kiasi hicho haimtoshi mzazi hata ada ya muhula mmoja katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mama anayeuza samaki Deep Sea hapa Tanga ataikunja na kuiweka kabatini, na mwenye kipato kizuri ataichukua kama punguzo. Ukiipandisha thamani hadi itoshe, lazima useme fedha inatoka wapi, na darasa lililojaa kule Makorora litabaki na nini baada ya baadhi ya watoto kuondoka, maana mwalimu wake atahitaji mshahara ule ule.

Halafu kuna Kilindi, Mkinga na vijiji vya Pangani. Uhuru wa kuchagua unataka shule zaidi ya moja ndani ya mwendo ambao mtoto anaweza kutembea, na huko shule ya serikali mara nyingi ndiyo pekee. Kwa hiyo sikubaliani na vocha ya watu wote. Ya maskini pekee, mahali ambapo nafasi za serikali zimejaa na shule binafsi ina viti vitupu, naweza kuijadili, mradi shule inayoipokea isitoze nyongeza wala isimpime mtoto kwa usaili kabla ya kumpokea. Mwenye shule asiyekubali masharti hayo mawili aendelee na wateja wake wa sasa, bila fedha ya umma.