"Upungufu wa damu" tu? Jalada linahitaji zaidi ya hapo

Chukua jalada la mgonjwa aliyelazwa siku nne. Mahali pa kuandika ugonjwa uliotambuliwa, daktari ameandika maneno matatu: upungufu wa damu. Jalada linafika mezani kwa afisa wa kumbukumbu za afya, ambaye kazi yake ni kuyageuza maneno hayo kuwa msimbo wa Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ICD. Kwa maneno hayo, toleo la 10 linampa msimbo mmoja tu: D64.9, yaani upungufu wa damu ambao aina yake haikutajwa.

Ukifunua kurasa za ndani, unakuta habari nyingine kabisa. Mgonjwa anatumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Chembe zake nyekundu ni ndogo na zimepauka, hali ambayo humfanya mtu afikirie kwanza ukosefu wa madini ya chuma. Lakini feritini, kipimo cha akiba ya chuma, iko juu, maana yake chuma kipo tele mwilini. Uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu, umechukuliwa, ukatiwa rangi ya buluu ya Prussia, na aliyeutazama kwa darubini ameandika kwamba vipunje vya buluu vimekizunguka kiini cha chembe changa kama shanga shingoni. Hizo ndizo sideroblasti zenye pete. Siku iliyofuata mgonjwa ameanzishiwa vitamini B6. Kila kitu kimo, ila hakuna sentensi inayoviunganisha.

Sentensi hiyo afisa wa kumbukumbu haruhusiwi kuiandika kwa niaba ya daktari, hata kama ameelewa kilichotokea. Kutambua ugonjwa ni kazi ya tabibu. Anachoweza kufanya ni kurudisha swali: "Majibu ya uboho yanaonyesha sideroblasti zenye pete. Tafadhali eleza aina ya upungufu wa damu, na chanzo chake kama kimejulikana." Swali lisimlishe daktari maneno. Naye akijibu, aandike nyongeza yenye tarehe na saini, asifute yaliyokwisha kuandikwa. Akiandika "upungufu wa damu wa sideroblasti uliosababishwa na isoniazidi", msimbo unahama kutoka D64.9 kwenda D64.2, na pembeni yake unakaa Y41.1, unaoeleza kwamba dawa ya kifua kikuu ilitumika kwa tiba na ikaleta madhara.

Nalishikia bango jambo hili kwa sababu ya kinachofuata mgonjwa akishatoka wodini. Katika ugonjwa huu chuma kipo, ila mwili unashindwa kukiingiza kwenye himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Isoniazidi huivuruga vitamini B6, ambayo inahitajika katika hatua ya kwanza kabisa ya kutengeneza himu, sehemu ya himoglobini inayobeba chuma. Sasa mtu huyu akifika kliniki nyingine na karatasi iliyoandikwa "upungufu wa damu" pekee, ni rahisi sana apewe vidonge vya madini ya chuma. Havitamsaidia, na chuma kitazidi kurundikana kwenye ini na moyo.

Hata neno "sideroblasti" likiwa peke yake bado ni pungufu. Aina ya kurithi ni D64.0, inayotokana na ugonjwa mwingine ni D64.1, inayoletwa na dawa au sumu, kama vile madini ya risasi, ni D64.2. Na ikiwa pete hizo ni sehemu ya ugonjwa wa uboho wenyewe, ule ambao chembe zinakua bila mpangilio, basi tunaondoka D64 moja kwa moja na kuingia D46.1, kwenye sura ya vivimbe na saratani. Ni mgonjwa wa aina nyingine, na ufuatiliaji wake ni mwingine.

Kuna jozi ya maneno inayochanganywa kila siku: chanzo hakijulikani na chanzo hakikutajwa. Tazama uboho unaposhindwa kuzalisha chembe za damu. D61.3 ni kwa mgonjwa aliyechunguzwa, chanzo kikatafutwa, kisipatikane. D61.9 inasema tu kwamba jalada limenyamaza. La kwanza ni matokeo ya kazi ya daktari, la pili ni pengo. Daktari aliyetafuta asipate anastahili kuandika hivyo waziwazi, maana kwa afisa wa kumbukumbu kimya hakina tafsiri nyingine.

Viunganishi vidogo navyo vina uzito. "Saratani na upungufu wa damu" haisemi kitu kuhusu chanzo. "Upungufu wa damu kwa sababu ya saratani" unakwenda D63.0, msimbo wenye alama ya nyota ambao hausimami peke yake. Lazima utanguliwe na msimbo wa saratani yenyewe. "Upungufu wa damu ulioletwa na dawa za saratani" ni jambo la tatu, na Marekani, katika toleo lake la ICD-10, imelitengea msimbo wake, D64.81.

Kwa magonjwa ya chembe nyekundu kuvunjika kabla ya siku zake, ambazo kwa kawaida ni kama 120, andika kama ni ya kurithi au ya kupata baada ya kuzaliwa. Upungufu wa damu unaotokana na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu, ni D55.0, na ni vema dawa iliyochochea itajwe kwa jina. Selimundu yenye shambulio ni D57.0, isiyo na shambulio D57.1, na mwenye kubeba vinasaba tu ni D57.3. Huyu wa mwisho asiandikwe kana kwamba anaumwa selimundu.

Toleo la 11 la ICD, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, linaruhusu misimbo kuunganishwa ili ugonjwa na chanzo chake vionekane pamoja. Ni hatua nzuri, lakini nayo inasubiri daktari aandike.

Wewe uliyeambiwa una upungufu wa damu, uliza kabla hujaondoka: ni wa aina gani, na umesababishwa na nini? Omba nakala ya majibu ya maabara, na uwe na orodha ya dawa zote unazotumia. Ukiongezewa damu, iandike tarehe. Sampuli inayochukuliwa muda mfupi baadaye huwa na chembe za aliyekuchangia, na kipimo cha selimundu au cha G6PD kinaweza kutoa jibu linalomhusu yeye badala yako. Mpimaji asipoiona tarehe hiyo kwenye jalada, hana namna ya kujua damu anayoipima ni ya nani.