Skrabu haikufanyi mweupe

Kuondoa seli zilizokufa, ambako ndiko tunakokuita skrabu, ni kutoa tabaka la juu kabisa la ngozi, lile ambalo limeshakufa na lingedondoka lenyewe siku si nyingi. Basi. Wengi wetu tumefanyiwa tangu utotoni, mama au bibi akiwa na dodoki bafuni, anasugua mgongo mpaka nongo zitoke. Pwani wana singo, mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi mwili, na siku hizi hata saluni za Njiro na Sakina hapa Arusha zinaifanya wiki ya harusi.

Ninachotaka kukisema hasa ni hiki. Ukikaa saluni, iwe Arusha iwe Moshi, utamsikia mteja akisema: "Dada, nipige skrabu, nataka nitakate." Kutakata kwake si usafi, ni weupe. Na dada wa saluni, badala ya kumweleza, anakwenda nyuma kuleta kikopo kisicho na lebo. Mteja akirudi nyumbani na rangi tofauti, anawaambia wenzake kwamba skrabu ya pale ni kiboko. Kumbe skrabu haikuhusika kabisa.

Seli za ngozi zinazaliwa chini, zinasukumwa juu taratibu, njiani zinakauka na kuwa bapa, na zikifika juu zimeshakufa. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban siku 28, na umri ukisogea inarefuka. Zikiwa juu bado zina kazi: zinazuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Shida huja zinapong'ang'ania kwa mafungu badala ya kudondoka. Ngozi inafifia, inakwaruza ukiigusa, vinyweleo vinaziba. Kusugua kunasaidia hapo tu.

Rangi nayo inatengenezwa chini, kwenye sakafu ya ngozi ya nje, na seli za melanini. Skrabu haifiki huko. Ikifika, umeshajijeruhi. Ngozi iliyotoka kusuguliwa vizuri inang'aa kwa sababu uso wake umelainika na mwanga unaupiga sawasawa, lakini weusi wako uko palepale ulipokuwa, na hauna kosa lolote.

Mkorogo, yaani krimu ya kuchubua kama ile ya kwenye kikopo, ni kazi nyingine kabisa. Kemikali iitwayo haidrokwinoni inazizuia zile seli za chini zisitengeneze melanini. Zebaki inafanya hivyo hivyo, kisha inaingia mwilini na kuharibu figo. Steroidi kali, ambazo ni dawa za kutuliza uvimbe, zinaipunguza ngozi unene mpaka mishipa inaonekana na kidonda kidogo kinachukua muda kupona. Vitu hivi haviruhusiwi kwenye vipodozi nchini Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko Shirika la Viwango (TBS), ulipotolewa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Kwa hiyo anayekupaka kutoka kwenye kikopo kisicho na jina hakufanyii skrabu ya hali ya juu. Anakuchubua. Tena akianza kukusugua ndipo akupake, ameshaipunguza ile kinga ya juu na dawa inapenya zaidi. Ndiyo maana mchanganyiko huo unaonekana "kufanya kazi" haraka, na ndiyo maana unaniogopesha kuliko mkorogo wenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo watu wenye ngozi nyeusi hatuambiwi vya kutosha. Ngozi yetu ikiumizwa hujibu kwa kuweka rangi zaidi pale ilipoumia. Mkwaruzo, chunusi iliyotumbuliwa, sehemu iliyoungua na asidi, vyote vinaweza kuacha doa jeusi la miezi. Anayesugua shingo kila siku kwa nguvu ili weusi utoke, mara nyingi ndiye anayeuongeza.

Njia zenyewe ni mbili. Ipo ya kusugua: dodoki, kitambaa, sukari, unga wa kahawa, ambao Moshi haukosekani. Sukari na kahawa ziishie kwenye viwiko, magoti na miguu, chembe zake ni kali mno kwa uso. Na ipo ya asidi, ambayo haihitaji kusugua kwa sababu inalegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa: glaikoliki, laktiki ambayo imo hata kwenye maziwa ya mgando, na salisiliki, inayopenya kwenye mafuta na hivyo kuwafaa wenye chunusi. Chagua moja. Usoni anza na mara moja kwa wiki, paka mafuta au losheni mara unapomaliza, na usiguse penye kidonda wala ngozi uliyotoka kunyoa. Ndimu na limau viache jikoni: asidi yake haina kipimo, na juisi yake ikikutana na jua inaweza kukubabua.

Jua lenyewe tunalidharau kwa sababu ya baridi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa kama asilimia 10. Julai, mlima Meru umejifunika mawingu, umevaa sweta, na mionzi bado inapita kwenye mawingu mepesi. Asidi kama glaikoliki huifanya ngozi iungue kwa urahisi zaidi, kwa hiyo anayeitumia apake losheni ya jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi kila asubuhi. Mwenye ualbino asianze asidi yoyote bila kumwona daktari wa ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi, na hapo hapo hutengenezwa losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Mhudumu akikwambia, "Vumilia dada, ikiwasha ujue inafanya kazi," usigombane naye. Huenda na yeye alifundishwa hivyo. Kuchonyota kidogo kwa dakika moja mbili kunatokea kwenye asidi, lakini kuwaka moto ni ngozi kuungua. Mwombe aioshe kwa maji mengi, na kabla hajachukua kingine mwambie akuonyeshe lebo.